Baraza la Wasomaji: Kuhakiki mieleka ya televisheni ya kampuni ndogo

Barua za safari hii karibu zote zinauliza jambo moja kwa njia mbalimbali: mtu anahakikije kipindi cha mieleka ya kulipwa kinachotengenezwa na kampuni ndogo, isiyo na bajeti ya WWE? Tumechagua zile zinazogusa kazi yenyewe. Mifano mingi tumeichukua kwenye NWA Powerrr, kipindi cha kampuni ya National Wrestling Alliance ya Marekani kilichoanza kurekodiwa Atlanta, kwa kuwa waulizaji wengi wamekitazama.

Shikamooni wahariri. Nimekua na WWE tangu enzi za vibanda vya video. Sasa nimeanza kutazama vipindi vya mwanzo vya NWA Powerrr na nataka kuviandikia uhakiki kwenye jarida la chuo chetu. Kila nikishika kalamu najikuta nalalamikia udogo wa ukumbi. Nianzie wapi? – Msomaji, Tanga

Marahaba. Anza kwa kukubali kwamba udogo ule waliuchagua wenyewe. Kipindi cha kwanza kilirushwa YouTube na Facebook Oktoba 8, 2019, baada ya kurekodiwa kwenye studio za GPB, televisheni ya umma ya jimbo la Georgia. Kilianza saa 12:05 jioni kwa saa za Atlanta, ambayo huku kwetu ni saa 7:05 usiku. Dakika tano hizo zina maana yake. Miaka ya 1980 mieleka ya Jumamosi ya kituo cha TBS, cha Atlanta hiyohiyo, ilikuwa ikianza saa 12:05, na Billy Corgan, mwanamuziki aliyeinunua NWA mwaka 2017, aliamua kurudisha sura ile: studio ndogo, taa zinazowamulika watazamaji pia, na kimeza cha mahojiano hatua chache tu kutoka ulingoni.

Kwa hiyo swali la kwanza kwenye uhakiki wako liwe hili: walichonacho wamekitumiaje? Kwenye ukumbi wa watu elfu kumi na tano husikii mtu mmoja mmoja, unasikia mvumo tu. Studio ndogo inakupa sauti ya mtu aliyeketi safu ya pili akimzomea adui, na adui akageuka kumjibu. Jambo hilo likitokea, liandike pamoja na dakika yake, maana ndiyo faida kubwa ya kipindi kidogo. Mwanamieleka akiwa kwenye kimeza cha mahojiano, mpinzani wake anaweza kutokea nyuma yake kwa hatua nne, na ugomvi ukahamia ulingoni bila kamera kukatisha. Tazama kama nafasi hiyo wameitumia au wameiacha ikapita.

Kuhusu idadi ya watu, kuwa mwangalifu. Kamera kuu hukaa upande mmoja na kuonyesha upande wa pili, ndiyo maana kampuni ndogo hujaza kwanza viti vinavyoitazama kamera. Picha ya upande mmoja haikuonyeshi ukumbi wote, umejaa au uko mtupu. Usiandike kitu usichokiona.

Kasoro ambazo kweli ni za kuandikwa ni zile zinazomnyima mtazamaji hadithi. Sauti ndiyo ya kwanza. Kipaza sauti kinakatika katikati ya maneno, watangazaji wanasikika kama wako chumba kingine, mwangwi unameza mahojiano. Ya pili ni kamera kumfuata mtu asiye sahihi, ukakosa kuona mabega yakibanwa chini. Kampuni yenye kamera tatu haina ya akiba, kwa hiyo mpiga picha mmoja akijisahau, tukio limepotea. Na ukitaka kulinganisha, linganisha na walio saizi moja. Ohio Valley Wrestling ya Louisville, Kentucky, imevuka vipindi 1,000 vya kila wiki, na huko ndiko walikopikwa John Cena, Brock Lesnar, Batista na Randy Orton. Kipimo cha namna hiyo kina haki kuliko kuiweka studio ya Atlanta mizani moja na WrestleMania, onyesho kubwa kabisa la WWE.

Rafiki zangu hunicheka. Wanasema matokeo ya mieleka yamepangwa, kwa hiyo hakuna cha kuhakiki. Niwajibu nini? – Nakuru

Waambie ni kweli yamepangwa, tena wenyewe walishasema hadharani. Mwaka 1989 kampuni ya Vince McMahon, WWF (ndiyo WWE ya leo), ililieleza Baraza la Seneti la jimbo la New Jersey kwamba inachofanya ni burudani, ili iondokane na usimamizi wa tume ya michezo. Lakini kilichopangwa ni nani ashinde na kwa njia gani. Kishindo cha kuanguka hakiigizwi. Chini ya turubai kuna mbao, chini ya mbao kuna vyuma, na kati ya turubai na mbao kuna godoro jembamba la kama sentimita mbili au tatu. Hilo ndilo linalopokea mgongo wa mtu wa kilo 100.

Kwenye sinema tunajua stelingi hafi, na bado hakuna anayetoka kabla ya mwisho. Mieleka inahakikiwa hivyohivyo: unaangalia ufundi wa kumfanya mtazamaji asahau anachokijua. Pambano la kawaida la Kimarekani lina sehemu nne. Kwanza stelingi anang'ara, anampiga mtama adui, anambwaga, watu wanafurahi. Kisha adui anamkata, mara nyingi kwa ujanja au kwa kosa la mwamuzi. Kinafuata kipindi kirefu cha mateso, halafu stelingi anainuka na mambo yanakwenda mwisho. Mhakiki anatakiwa aseme ni sehemu gani ilishika na ipi iliteleza.

Makosa ya kawaida ni haya. Mateso yanakuwa marefu bila dalili ya matumaini, na watu wananyamaza. Stelingi akikabwa roba kwa dakika tatu bila hata kujaribu kuinua mkono, ukumbi unapoa, na ukishapoa kuuwasha tena ni kazi. Kosa la pili ni goti. Adui analishambulia goti dakika tano nzima, halafu stelingi anapoinuka anakimbia kama mtu aliyetoka usingizini. Andika hilo kila unapoliona, kwa sababu limezifuta dakika tano zilizotangulia. Mwanamieleka mzuri atapiga teke lake kisha atashika goti, hata akiwa anashinda.

Kwenye pambano la wawili kwa wawili, jicho lako likae kwenye kona. Mmoja anapigwa upande wa adui, mwenzake amenyoosha mkono juu ya kamba akisubiri kupokezwa. Ufundi wa zamani ni kumfanya mwamuzi asione mkono ulipogusana, akaukataa, na watu wakapandwa na hasira. Mbinu hiyo ikitumika mara moja inawasha moto. Kipindi kimoja chenye mapambano mawili ya aina hiyo kimeshajirudia.

Natazama kipindi cha saa nzima, nikimaliza nimesahau nusu. Mnaandikaje kumbukumbu? – Mbagala, Dar es Salaam

Tazama mara mbili. Mara ya kwanza usisimamishe wala usirudishe nyuma. Uwe na karatasi moja, na kazi yake ni kuandika dakika ambazo mwili wako ulisogea mbele ya kiti na dakika ulizoshika simu. Hizo za kushika simu ni ushahidi mkubwa kuliko maoni utakayojenga baadaye, na ukizikosa mara ya kwanza huwezi kuzipata tena, kwa kuwa mara ya pili unatazama kwa jicho la kazi.

Mara ya pili chora safu tano: muda wa kuanza, muda wa kuisha, kilichotokea, kimeishaje, na kimeacha nini cha wiki ijayo. Pambano linahesabiwa kengele hadi kengele. Kuingia kwa wanamieleka kuandikwe mbali. Mahojiano, video za kumtambulisha mtu na matangazo ya maonyesho yajayo, kila kimoja na mstari wake. Mwisho piga hesabu. Tuseme kipindi cha dakika 60 kimetoa dakika 24 za mapambano, 16 za mahojiano, 8 za kuingia na kutoka, na zilizobaki ni matangazo na marudio. Peke yake hesabu hiyo haisemi ubaya wala uzuri. Powerrr ilijengwa makusudi juu ya mahojiano, hivyo dakika 16 za kuzungumza zilikuwa mahali pake. Lakini kampuni inayojinadi kwamba kwao ni ulingo tu, ikitoa hesabu hiyohiyo, imekwenda kinyume na ahadi yake, na takwimu unazo mkononi.

Safu ya nne, ya namna pambano lilivyoisha, ndiyo inayopuuzwa zaidi na ndiyo yenye mengi. Andika kama ni kubana mabega hadi tatu, kusalimu amri, kuhesabiwa nje (Marekani mara nyingi hadi 10, Japani hadi 20), kuondolewa kwa kosa, muda kwisha, au mtu wa nje kuingilia. Mapambano manne yakiisha na mawili kati yake yameamuliwa na mtu aliyepanda kutoka nje, mtazamaji anajifunza kutoamini dakika kumi za mwanzo. Kuingiliwa kunafaa pale tu panapojibiwa: aliyeingilia ana sababu, na wiki ijayo sababu hiyo inafanyiwa kazi. Safu ya tano ikibaki tupu kwa zaidi ya nusu ya mistari, andika hivyo waziwazi. Kipindi cha kila wiki ambacho hakikuachii swali la wiki ijayo kimeshindwa kazi yake ya msingi, hata kama wanamieleka wamejituma vipi.

Tahadhari moja kuhusu saa: mapambano ya kuwania mkanda (ubingwa) wa televisheni wa NWA yana kikomo cha dakika 6 na sekunde 5, zilizochukuliwa kwenye ile saa 12:05 jioni, ambayo Wamarekani huiandika 6:05. Kwenye mapambano hayo anza saa yako kengele inapolia. Pambano zuri la namna hii hujengwa kwa haraka, watu wanajaribu kubana mabega mapema, na mtangazaji anapotaja dakika zilizobaki unaona mwendo ukibadilika. Wakipigana kana kwamba wana dakika ishirini, kikomo kimekuwa pambo.

Nitoe nyota au nisitoe? Na hizi nyota zilianzia wapi? – Kampala

Jim Cornette na rafiki yake Norm Dooley ndio wanaotajwa kuanzisha desturi ya kuyapa mapambano nyota. Aliyeieneza dunia nzima ni Dave Meltzer, kwenye jarida lake la Wrestling Observer. Kikomo kinachojulikana na wengi ni nyota tano, ila Meltzer mwenyewe alishavuka: pambano la Kazuchika Okada na Kenny Omega la Januari 4, 2017, Tokyo Dome, alilipa sita, na lile la Juni 2018 akalipa saba.

Kwa uhakiki wa kipindi cha kila wiki tunashauri usitoe. Nyota zilitengenezwa kupima pambano moja kwa ubora wa ulingoni, na kipindi cha televisheni kimejaa vitu visivyopimika hivyo. Pambano la dakika mbili ambalo jitu jipya linamfagia mtu asiyejulikana haliwezi kupata zaidi ya nyota moja, lakini kama kazi yake ilikuwa kukutambulisha jitu hilo na ukamaliza ukitaka kujua nani atalizuia, limefaulu kabisa. Mhakiki anayetoa nyota moja hapo anamdanganya msomaji kuhusu ubora wa kipindi.

Ukilazimika, maana wahariri wengine wanazidai, toa kwa pambano kuu peke yake, tumia robo na nusu kwa uchache, na ueleze kwa sentensi moja kilichokufanya usiongeze nusu nyingine.

Nitajuaje kama mtu ameumia kweli au anaigiza? Juzi nimeandika kwa dhihaka kuhusu pambano lililokatishwa, kumbe jamaa alivunjika. Najisikia vibaya. – Likoni, Mombasa

Mtazame mwamuzi kabla ya kumtazama aliyeanguka. Mwamuzi akivuka mikono yake juu ya kichwa, ikawa kama alama ya X, anawaita madaktari. Ishara hiyo nayo imewahi kutumika kwenye maigizo, kwa hiyo tafuta dalili nyingine: mpinzani anaacha kushambulia na kuzunguka mbali, mwamuzi anashika sikio lake kusikiliza maelekezo, kamera inahamia kwa watazamaji na kubaki huko, watangazaji wanashusha sauti na kuacha kutaja hadithi ya pambano. Mawili au matatu yakienda pamoja, chukulia kwamba mtu ameumia na usiandike neno la kukosoa umalizio huo.

Jambo la pili ni kujua mbinu zenye hatari, ili usizisifie kwa ujinga. Kumshusha mtu kwa kichwa na shingo, kumwangusha kwenye ukingo wa ulingo, na kuruka nje juu ya sakafu ya saruji ndizo zinazokatisha maisha ya kazi. Ukingo ndiko boriti za chuma zilipo. Katikati ya ulingo mbao hunesa kidogo, pale ukingoni hazinesi. Kampuni ndogo nyingi zinatumia ulingo wa futi 16 au 18 kila upande (mita 4.9 au 5.5) badala ya 20 wa WWE, na wanaoruka kutoka juu ya kona wana nafasi finyu ya kutua. Ukiona kipindi kimoja kina mianguko mitatu ya ukingoni na hakuna hata mmoja ulioamua pambano, uliza kwenye uhakiki: hatari ile ilinunua nini? Ni swali la heshima kwa wanamieleka. Wengi wao malipo ya usiku mmoja hayafikii gharama ya kipimo cha MRI.

Kuna pia kosa la kawaida lisilo na madhara, kwa mfano ngumi iliyopita hewani na mwenzake akaanguka, au makofi ya paja yanayoonekana mtu anapopiga teke ili sauti isikike. Yaandike kama yameharibu tukio muhimu. Vinginevyo acha. Mlio mkubwa wa kuanguka, kwa taarifa yako, unatoka kwenye uwazi ulio chini ya mbao, na mara nyingi kuna kipaza sauti kimewekwa humo.

Mimi napenda zaidi tambo kuliko mieleka yenyewe. Je, naweza kuhakiki maneno? – Muscat, Oman

Tena kwa undani. Kwenye kampuni ndogo tambo ndizo zinazouza tiketi, kwa kuwa hakuna fedha za fataki.

Mfano wa kusoma ni Tim Storm kwenye Powerrr ya kwanza. Storm alikuwa bingwa wa dunia wa NWA hadi Desemba 2017, Nick Aldis wa Uingereza alipompokonya mkanda. Aliporudi kwenye kipindi kile alikuwa amevuka miaka hamsini, na pambano kuu lilikuwa nafasi yake ya mwisho ya kuuwania. Mtu ambaye hajawahi kumsikia hata mmoja wao alikielewa kipindi chote kwa sababu ya sharti hilo: mzee anapoteza kitu kisichorudi. Aldis hakuhitaji kuwa mwovu. Alihitaji tu kuwa kijana zaidi na kuwa na haki ya kushinda, na alishinda. Ukihakiki kipindi kama hicho, nusu ya maneno yako yaende hapo, kwenye namna mahojiano yalivyolipa pambano uzito kabla ya kengele.

Pima tambo kwa mambo manne: anamtaka nani, kwa nini, lini, na itamgharimu nini akishindwa. Anayemaliza dakika tatu bila kujibu la "kwa nini" amepiga kelele. Sikiliza pia kama anazungumza na mpinzani, na mtazamaji wa nyumbani, au na ukumbi. Waliobobea hubadilisha jicho kutoka kwenye kamera kwenda kwa watu kwa makusudi. Na urefu: kwenye kipindi cha saa moja, zaidi ya dakika nne kwa mtu mmoja ni deni ambalo lazima alilipe.

Watangazaji nao wahakikiwe. Kazi yao ni kutaja majina, kueleza sababu ya pambano, na kunyamaza mahali panapojieleza penyewe. Neno baya la mtangazaji linaweza kuzika kazi ya kila mtu. Novemba 2019 Powerrr moja iliondolewa mtandaoni na kuhaririwa upya kwa sababu ya utani wa mtangazaji uliowadhalilisha watu wa Ethiopia, na Jim Cornette, aliyeutamka, akajiuzulu. Wanamieleka walioshiriki usiku ule hawakuwa na kosa, lakini wiki ile hakuna aliyezungumzia mapambano yao. Mhakiki Mwafrika anayetazama mieleka ya Marekani asione haya kulisema jambo la namna hiyo moja kwa moja.

Vipindi vinarekodiwa wiki kadhaa kabla. Ni haki kutaja matokeo? Na kurekodi pamoja kunaathiri nini? – Kigali

Taja matokeo ya kilichokwisha kurushwa tu, na uyaweke baada ya aya ya kwanza. Matokeo yaliyovuja kutoka ukumbini usiyaguse.

Kuhusu athari: vipindi vya mwanzo vya Powerrr vilirekodiwa kwa siku mbili, Septemba 30 na Oktoba 1, 2019, vikagawanywa kwa wiki. Kwa hiyo watazamaji walewale wanashangilia saa baada ya saa, na koo huchoka. Ukiona ukumbi umepoa kwenye kipindi cha tatu au cha nne, angalia kama mashati ya safu ya mbele ni yaleyale ya wiki iliyopita. Yakiwa ni yaleyale, ubaridi ule pengine ni uchovu, wala si hukumu ya mapambano. Kinyume chake kipo pia: shangwe kubwa kwenye sauti wakati nyuso unazoziona zimefunga midomo ni dalili kwamba sauti imeongezwa kwenye uhariri. Hilo liandike.

Huku kwetu tuna mieleka isiyo na televisheni kabisa. Tuitumie mizani hii? – Goma

Sehemu yake. Vijana wa Soft Ground Wrestling wa Mukono, Uganda, wanapigana kwenye ulingo wa udongo uliozungushiwa miti, na video zao fupi zimetazamwa dunia nzima. Hapo hakuna muundo wa saa moja wa kupima, wala safu ya tano. Pima mwanguko, ubunifu, na kama kila mwanamieleka anatambulika kwa sekunde kumi za kwanza bila kuambiwa jina. Udongo unapunguza makali ya kuanguka lakini unateleza, hivyo anayeruka kutoka juu anategemea mguu wa kusimamia kuliko anayeruka kwenye mbao. Tazama miguu.

Mchezo wa kachi wa Kinshasa ni jambo jingine. Wanamieleka huzunguka mitaani kwanza kuita watu, na ulingoni wengine hutumia uchawi wa maonyesho kumshinda mpinzani. Ukihakiki hapo, maandamano ya mtaani ni sehemu ya onyesho, usianze kuandika kengele inapolia. Na mtu akipagawa kwa dawa ya mwenzake, kipimo ni kama mashabiki wamelichukua jambo hilo kwa uzito. Kulidharau kwa kuwa halipo Atlanta ni kutojua unachokitazama.

Naomba mnisahihishie aya hii: "Pambano kuu lilikuwa zuri sana. Bingwa alianza kwa kabari, kisha mpinzani akampiga ngwara, kisha bingwa akatoka nje, kisha wakarudi, kisha bingwa akambwaga mara mbili, kisha akamkaba roba, kisha mpinzani akainuka, kisha bingwa akashinda. Mashabiki walifurahi." – Dodoma

Umetazama vizuri na mpangilio wako ni sahihi, ila msomaji hawezi kujua ni tukio lipi lilikuwa na uzito. Chagua mawili, mengine yafute. "Zuri sana" liondoke, na "walifurahi" ibadilishwe kuwa kitu ulichokisikia. Tumekuandikia barua kukuuliza bingwa alitoka nje kwa nini, ukajibu kwamba alikuwa akikimbia kipigo na mwamuzi alifika tisa. Hilo ndilo pambano lako! Tungeiandika hivi:

"Bingwa alikimbia. Ngwara moja ya mpinzani ilimpeleka nje ya ulingo, na akabaki huko hadi mwamuzi alipofika tisa, ukumbi mzima ukihesabu pamoja naye. Tangu hapo kila aliloshinda lilionekana la kuibia. Roba aliyomkaba mpinzani katikati ya pambano ilidumu mno, karibu dakika tatu, na kelele zikapungua. Zilirudi mpinzani alipopiga goti moja chini na kuanza kuinuka. Umalizio ulikuwa wa haki, mabega yamebanwa hadi tatu, lakini kijana aliyeshindwa ndiye aliyesindikizwa kwa makofi. Marudiano yanajiuza yenyewe, na kipindi kilikatika bila kuyatangaza."

 Kwa kipindi cha saa moja, maneno 700 hadi 900 yanatosha: aya moja ya kipindi gani, kimerekodiwa wapi na nani ana mkanda, karibu nusu ya makala kwa pambano kuu na kilicholijenga, mahojiano bora na mabaya kwa aya moja moja, kasoro za sauti na kamera pamoja, kila moja na dakika yake. Mapambano yaliyobaki yapewe sentensi mbilimbili. Majina ya wanamieleka yaandike kama kampuni inavyoyaandika kwenye skrini, na jina halisi la mtu asiyelitumia kazini usilitafute wala kulichapisha.